Siku ya Shamba na Bustani: Maana Yake na Faida Yake

Watu wa bonde la Kilombero hawangoji mtu aje kuwafundisha kushika jembe. Mchele wa Ifakara wajulikana mpaka masoko ya Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya mchele huo hutoka katika mashamba ya watu wa kawaida, wanaolima pamoja na jamaa zao. Kwa hiyo hatuandiki makala haya ili kumfundisha mkulima kazi aliyorithi kwa babu yake. Twataka kueleza jambo moja ambalo limeenea vijijini siku hizi, na ambalo kwa maoni yetu bado halijatumiwa kama linavyostahili, nalo ni siku ya shamba.

Siku ya shamba ni siku ambayo mwenye shamba au bustani, au kikundi cha wakulima, au shule, au kituo cha utafiti, huwaalika watu waje kuitazama mimea ingali imesimama ardhini. Wageni hutembezwa, huonyeshwa, huuliza, na pengine huonjeshwa. Mabwana shamba na mabibi shamba huwapo, na mara nyingine waganga wa hospitali, walimu na wauzaji wa mbegu. Siku hii si mnada, wala si mkutano wa siasa, wala si ngoma, ingawa ngoma yaweza kupigwa. Ni siku ya macho na maswali.

Wengi wetu tumehudhuria siku kama hizi, na tumeona watu wakirudi nyumbani na kofia mpya na fulana yenye jina la mbegu, wasiweze kumwambia jirani yao neno hata moja la kufaa. Hiyo ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni ya mtu aliyependezwa na shamba la mfano, akakopa fedha ya mbegu na mbolea, akapanda mahali pasipofaa, na watoto wake wakakosa chakula mwaka mzima. Basi yafaa tujue siku hii imetoka wapi, inafaa kufanywa wakati gani katika nchi yetu ya mto na mafuriko, na nani wanaopaswa kuhudhuria.

ASILI YA SIKU HII

Zamani huko Marekani serikali ilikuwa na mashamba yake ya mfano. Wakulima waliyatazama, lakini hawakuyaiga, kwa sababu waliona kwamba fedha ya serikali yaweza kufanya lolote, na fedha ya mkulima haiwezi. Mwaka 1903, katika mji wa Terrell, jimbo la Texas, mzee mmoja aitwaye Seaman Knapp akashauri njia nyingine. Shamba la mfano liwe la mkulima mwenyewe, Walter Porter, naye alilime kwa mikono yake, akifuata mashauri aliyopewa. Watu wa mji wakaahidi fedha ya kumfidia kama angepata hasara. Porter hakupata hasara, alipata faida, na majirani wakaiga kwa sababu walimjua na kulijua shamba lake. Hapo twajifunza mambo mawili: mwalimu bora wa mkulima ni mkulima mwenziwe, na mtu asimshawishi maskini kujaribu jambo jipya kabla ya kufikiri ni nani atakayebeba hasara.

Mwaka 1989, katika nchi ya Indonesia, wakulima wa mpunga walikuwa wakisumbuliwa na mdudu mdogo wa kahawia anayefyonza mashina. Kadiri walivyonyunyiza dawa, ndivyo mdudu yule alivyozidi, maana dawa iliwaua pia buibui na wadudu wengine wanaomla. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likasaidia kuanzisha madarasa ya shambani. Wakulima walikutana kila juma kwa msimu mzima, wakahesabu wadudu wabaya na wema kwa macho yao, kisha wakaamua wenyewe la kufanya. Mtindo huo ulifika Tanzania pia, nasi twauita shamba darasa. Katika shamba darasa siku ya wageni huja mwishoni, na wanaoeleza ni wakulima waliofanya kazi, si bwana shamba.

Na Uingereza, mwaka 1927, watu wenye bustani nzuri walifungua milango yao, mtu yeyote akaingia kwa kulipa shilingi moja, na fedha ile ikapewa wauguzi waliotembelea wagonjwa majumbani. Mwaka ule wa kwanza bustani 609 zilifunguliwa, na desturi ile ingali ikiendelea mpaka leo. Watu walikwenda na wake zao na watoto wao, wakatembea, wakanywa chai, wakarudi na wazo la kupanda ua au mboga. Hakuna aliyeona kwamba amekwenda shule, lakini alijifunza.

Kwetu Tanzania, tangu miaka ya 1990, Siku ya Wakulima ni tarehe 8 Agosti, nayo sote twaiita Nane Nane. Kanda ya Mashariki, yaani mikoa ya Morogoro, Pwani, Dar es Salaam na Tanga, hukutana katika uwanja wa Mwalimu Julius Nyerere mjini Morogoro. Huko mtu huona mengi: mifugo, mashine, mbegu, asali, samaki wa mabwawa, na vitanda vya mboga vilivyopangwa kama mikeka. Hatuidharau Nane Nane. Lakini kutoka Ifakara mpaka Morogoro ni zaidi ya kilometa 200, na nauli ya jamaa ya watu sita si ndogo. Tena, mwezi wa Agosti mpunga wetu umekwisha vunwa. Mgeni wa Nane Nane huona mchele katika mfuko, haoni mpunga ukiwa umesimama katika udongo kama wa kwake. Kwa hiyo siku kubwa ya mkoa haiwezi kuchukua mahali pa siku ndogo ya kijiji.

MAHALI NA WAKATI

Jina la Kivukoni latokana na kivuko cha mto Kilombero, ambapo kwa miaka mingi watu na mizigo yao walivushwa kwa pantoni baina ya Ifakara na nchi ya Ulanga. Mwaka 1949 mtu wa ng'ambo alikuwa akitegemea chombo, na mwaka 2010 vivyo hivyo. Mwaka 2018 lilifunguliwa daraja lenye urefu wa meta 384, liitwalo Daraja la Magufuli, na tangu hapo mto hauwatengi tena watu wa pande mbili. Siku ya shamba ikifanywa upande mmoja, wa upande wa pili waweza kuja asubuhi kwa baiskeli na kurudi jioni. Hii ni faida ambayo wazee wetu hawakuwa nayo, nayo yafaa itumiwe.

Kuhusu wakati, twaona siku mbili kwa mwaka zatosha. Siku ya kwanza ni ya mpunga, nayo iwe wakati suke limejaa lakini bado halijavunwa. Hapo mtu huona urefu wa mmea, idadi ya machipukizi, magugu yaliyobaki, na mahali ambapo maji yalisimama mno. Siku ya pili ni ya bustani, nayo iwe wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, ambapo mboga za mvua zimekauka na mboga za kumwagilia ndizo zinazotegemewa. Siku hizo zisigongane na siku ya gulio, wala siku ya msiba, wala wakati wa kufukuza ndege, kwa sababu kwelea kwelea hawajui sikukuu, na mwenye shamba hawezi kuliacha.

YA KUONYESHWA KATIKA SHAMBA LA MPUNGA

Katika bonde letu kuna kituo cha utafiti wa mpunga kilichojulikana zamani kwa jina la KATRIN, na ambacho leo ni TARI Ifakara, yaani tawi la Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Mbegu iitwayo SARO 5, ambayo jina lake la kitaalamu ni TXD 306, ilitolewa kwa wakulima mwaka 2002, na leo hapana mkulima wa mpunga katika nchi hii asiyepata kuisikia. Huzaa sana, na mchele wake una harufu kiasi. Tena, katika miaka ya 2010 wakulima wengi wa upande wa Mngeta walifundishwa kilimo shadidi, njia iliyobuniwa na padri Mfaransa, Henri de Laulanié, katika kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska, mwaka 1983. Katika njia hiyo miche huhamishwa ingali michanga, ya siku 8 mpaka 12, mche mmoja mmoja, kwa nafasi ya sentimeta 25 kila upande. Shamba huloweshwa kisha huachwa likauke kidogo, wala halifurikishwi daima. Na palizi hufanywa kwa mashine ndogo ya kusukuma kwa mkono.

Mambo haya ni mazuri kutazama, lakini hapa ndipo mgeni anapopaswa kufumbua macho. SARO 5 ni mfupi, si kama Supa na mbegu zetu nyingine za asili zilizo ndefu. Katika mbuga ambayo maji ya Machi na Aprili hufika kiunoni, mpunga mfupi hufunikwa ukaoza. Kadhalika kilimo shadidi chataka shamba lililosawazishwa na maji yanayoweza kuingizwa na kutolewa. Mwenye mfereji aweza kufanya hivyo. Mwenye mbuga inayotawaliwa na mto hawezi kuuamuru mto ujitoe. Basi mtu asiulize tu, "Umevuna magunia mangapi?" Aulize kwanza, "Maji yako hutoka wapi, hufika wapi, na hukaa siku ngapi?" Jibu la swali hilo ndilo litakalomwambia kama aliyoyaona ni ya shamba lake au ni ya shamba la mwingine.

Yapo mambo mengine yasiyohitaji mfereji wala mkopo, nayo yaonyeshwe kwa vitendo. La kwanza ni kuchagua mbegu kwa maji ya chumvi. Chukua ndoo ya maji, tia yai bichi lisiloharibika, nalo litazama. Ongeza chumvi kidogo kidogo na kukoroga mpaka yai lielee. Liondoe yai, mimina mpunga wa mbegu. Punje pepe zitaelea, uziondoe, nzito zitazama. Hizo nzito zioshwe vizuri kwa maji safi ili chumvi iishe, ziloweshwe siku moja, kisha zifunikwe katika gunia bichi mpaka zianze kuchipua. Mtoto wa darasa la tano aweza kulifanya jambo hili mbele ya wazee, na kila mtu akalielewa.

La pili ni kupima mavuno. Walimu watusaidie hapa. Shikilieni fremu ya mti yenye meta 1 kila upande, mkiweke mahali patatu au panne pa shamba bila kuchagua pazuri. Kateni mpunga uliomo, mpure, mpepete, mpime. Ikiwa wastani ni nusu kilo, basi kwa kuwa ekari moja ina meta za mraba 4,047, shamba hilo litatoa kilo 2,000 na kitu kwa ekari. Kumbukeni kwamba mpunga mbichi huwa mzito kuliko uliokaushwa, kwa hiyo punguzeni kiasi. Hesabu hii huondoa ubishi. Mtu hawezi tena kusifu shamba kwa maneno matupu, wala kulidharau kwa husuda.

La tatu, na kwa maoni yetu ndilo lililo kubwa, ni ubao wa gharama. Kila shamba la mfano liwe na ubao mbele yake ulioandikwa kwa herufi kubwa: mbegu iligharimu nini, mbolea nini, kibarua siku ngapi, palizi mara ngapi, mkopo una riba gani, na nani aliyelipa. Ikiwa mbolea ilitolewa bure, na iandikwe kwamba ilitolewa bure. Mali bila daftari hupotea bila habari, na shamba la mfano lisilo na daftari ni mtego. Kando ya shamba lililostawi, na kiachwe kipande kilicholimwa kwa desturi ya zamani, ili watu walinganishe. Na palipokuwa na sehemu iliyoshindwa, isifichwe wala isifyekwe usiku wa kuamkia siku ya wageni. Mahindi yaliyonyauka kwa kukosa mbolea, au mpunga uliozama, hufundisha zaidi ya yale yaliyonawiri.

YA KUONYESHWA KATIKA BUSTANI

Kwa siku ya bustani mambo ni mepesi, na ni ya kila nyumba. Mtu asiye na shamba la kutosha kwa mpunga aweza kuwa na kitanda kimoja cha mchicha nyuma ya jiko. Mchicha huanza kuchumwa baada ya majuma matatu au manne. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, kwa hiyo ichanganywe na mchanga mkavu kabla ya kunyunyizwa, isije ikaota yote mahali pamoja. Pamoja na mchicha waonyeshwe mnavu, ngogwe, bamia, mlenda, majani ya kunde, majani ya maboga na matembele. Hizi ni mboga za kwetu. Watu wengi wamezidharau na kuziita mboga za maskini, wakatamani kabichi. Lakini huko Tengeru, karibu na Arusha, kituo cha utafiti wa mboga cha kimataifa kimekuwa kikizifanyia kazi mboga hizo za Afrika tangu miaka ya 1990, kikitafuta mbegu zilizo bora. Ikiwa wataalamu wa ulimwengu wamekuja kutafuta mnavu, sisi tusione haya kuupanda.

Waonyeshwe pia viazi lishe, yaani viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa ndani, ambavyo vina vitamini A inayohitajiwa na macho na mwili wa mtoto. Ionyeshwe mboji inavyotengenezwa kwa majani, samadi, majivu na maji. Zionyeshwe bustani za magunia kwa wale wenye uwanja mdogo: gunia lililojazwa udongo na samadi, likaachiwa nguzo ya mawe katikati ya kupitishia maji, na kutobolewa matundu ubavuni kwa miche. Na mwisho wake kiwepo chungu motoni, kwa sababu bustani ambayo mboga zake hazikufika mezani ni kazi ya bure. Bibi shamba aeleze kwamba mboga huoshwa kabla ya kukatwa, si baada. Kwamba zisichemshwe mpaka zikawa uji. Na kwamba mafuta kidogo, au karanga, husaidia mwili kuipata ile vitamini A.

Twaongeza onyo moja. Bustani za kiangazi hupenda kukaribia maji, lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu shughuli za kudumu, au zenye kuharibu hifadhi, ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Bonde la mafuriko la Kilombero limeandikwa tangu mwaka 2002 katika orodha ya ardhi oevu zenye thamani kwa ulimwengu mzima. Siku ya bustani isifanyike mahali ambapo wageni watajifunza kuvunja sheria na kubomoa kingo za mto wao wenyewe. Afadhali kubeba ndoo mbali kidogo kuliko kuona kitanda chako kikisombwa na maji mwaka ujao.

KWA NINI WAJE WA NYUMBA YOTE

Katika mikutano mingi ya kilimo tumeona wanaume mbele vitini, wanawake wachache nyuma, na watoto wamefukuzwa wasipige kelele. Sasa tujiulize. Nani anayepanda miche ya mpunga, ameinama tangu alfajiri? Nani anayepalilia? Katika nyumba nyingi za bonde letu ni mama na binti zake. Ikiwa njia mpya yataka mche wa siku 10 ung'olewe kwa uangalifu na kupandwa mara moja kabla mizizi haijakauka, ni mikono ya nani itakayofanya kazi hiyo? Na ikiwa palizi itaongezeka, ni mgongo wa nani? Baba akienda peke yake, akarudi na kuamuru, mama hakuona, hakuuliza, wala hakuonyesha kwamba kazi hiyo itagongana na kazi nyingine za wakati ule. Asiyekuwapo na lake halipo. Jambo hilo hufa katika msimu wake wa kwanza, kisha watu husema njia ile ni mbaya.

Na tena, wanaume ndio mara nyingi wanaouza mpunga, na wanawake ndio wanaojua kwamba mpunga uliobaki ghalani hautafika Machi. Wakitazama pamoja ule ubao wa gharama, watajadiliana njiani wakirudi, nao mjadala huo ni sehemu ya siku ya shamba kuliko hotuba zote.

Watoto nao waje na walimu wao. Mtoto wa mkulima katika Kilombero huijua kazi ya shamba mapema. Hukaa juu ya dungu akipiga kelele kuwafukuza ndege, na pengine huikosa shule kwa siku nyingi. Si haki ajue taabu ya shamba tu, asijue maarifa yake. Apewe fremu ya kupimia, apewe daftari, aandike. Akirudi nyumbani atamsomea bibi yake aliyoyaandika.

NA WATAALAMU WAJE KUJIFUNZA

Tumesema kwamba wataalamu huhudhuria siku hizi. Twaomba waje mapema, wasikae chini ya turubai tu kungoja zamu ya kuhutubia. Mzee aliyelima mbuga moja kwa miaka 40 ajua ni mwaka upi mto ulitoka kabla ya wakati wake, na ni mbegu ipi ilisimama. Habari hiyo haimo katika vitabu. Bwana shamba akiiandika, amepata kitu cha kupeleka kituoni.

Mganga wa hospitali naye ana neno la kusema na la kusikia. Jamaa nyingi za bonde huhama msimu wa kilimo na kwenda kukaa katika vibanda vya shambani kwa wiki nyingi, mbali na zahanati, katikati ya maji yanayozaa mbu. Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo asili yake ni maabara ndogo iliyoanzishwa na Waswisi katika miaka ya 1950, imelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Katika mradi wa vyandarua vyenye dawa uliofanywa Kilombero na Ulanga miaka ya mwisho ya 1990, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2001, ilionekana kwamba vyandarua hivyo viliongeza kunusurika kwa watoto wa umri wa mwezi 1 mpaka miaka 4 kwa asilimia 27. Basi katika siku ya shamba kijengwe kibanda kama vile vya shambani, kitundikwe chandarua ndani yake, watu waone jinsi kinavyoweza kufungwa hata pasipo dari wala kitanda. Mavuno mengi hayamfurahishi mama aliyemzika mtoto shambani.

MASHAURI KWA WENYE KUANDAA

Kwa wenyeviti wa vijiji, walimu na viongozi wa vikundi, twafupisha hivi:

1. Chagueni shamba la mkulima wa kawaida, ambaye wengine humwona kuwa sawa nao, wala si la tajiri peke yake.

2. Mwenye shamba na mkewe waeleze wenyewe. Mtaalamu ajibu anapoulizwa.

3. Wageni wagawanywe katika makundi madogo ya watu 20 au 25, kila kundi lisimame kwa zamu mbele ya kila jambo. Umati wa watu 300 huona migongo ya wenzao tu.

4. Wauza mbegu na dawa wakaribishwe, lakini wakae mwisho wa njia, baada ya watu kuona na kuhesabu, wala si mlangoni.

5. Hotuba ziwe fupi. Jua la bonde halina huruma.

6. Kabla ya kuondoka, kila jamaa itaje jambo moja itakalojaribu, na ukubwa wa kipande itakachojaribia. Mwalimu aandike. Mwaka ujao orodha hiyo isomwe mbele ya wote.

Shauri hili la sita ndilo linalopima kama siku ilikuwa na maana. Twasema kipande, hatusemi shamba zima. Mtu mwenye ekari mbili ajaribu hatua 20 kwa 20, na sehemu iliyobaki ailime kama alivyozoea, ili jambo jipya likikataa, ghala lisiwe tupu. Wale wa Terrell mwaka 1903 walikuwa na fedha ya kumfidia Porter; sisi hatuna mfuko kama huo, kwa hiyo kipande kidogo ndicho kinga yetu. Likikubali, mwaka wa pili aongeze. Haba na haba hujaza kibaba.

Basi, mkisikia kwamba kijiji jirani kinafungua shamba lake au shule inafungua bustani yake, msiulize kama kutakuwa na kofia. Chukueni kalamu, chukueni watoto, mke na mume mfuatane, mvuke daraja kama ni ng'ambo. Ulizeni habari ya maji, ulizeni habari ya gharama, ulizeni ni nini kilichoshindwa. Na zamu yenu ikifika ya kukaribisha wengine, wafungulieni mlango kwa moyo mweupe, mkiwaonyesha yaliyostawi pamoja na yaliyonyauka.